Mama Siwatu

Arobaini ya Siwatu iliposomwa, mtandao ulilihifadhi jina lake, kama unavyofanya kwa kila marehemu. Tangu hapo, vile vidude ambavyo sheria inamlazimisha kila mtu kuvaa masikioni vikawa vinakata sauti kila jina hilo lilipotamkwa.

Mama yake hakujua mpaka asubuhi mumewe alipomwita kutoka sebuleni. Alimwona midomo inacheza, asisikie kitu.

"Unasemaje?"

"Nakuita, mke wangu. Mama..." Kisha kimya.

Miaka yote walikuwa Mama Siwatu na Baba Siwatu, na mtoto alikuwa huyo huyo mmoja. Jina alilozaliwa nalo mama huyu lilishachukuliwa zamani na kampuni ya sabuni, wala halikumuuma, maana alikuwa na hili la kujivunia. Sasa hata hili wamemnyang'anya, na kaburi bado bichi!

"Basi usiniite!" alifoka. "Ukinitaka, gonga kikombe."

Mumewe, macho chini, akagonga kikombe kwa kijiko, mara mbili. Papo hapo sauti yenye bashasha ikazungumza masikioni mwao: "Mlio huu haujawa jina la mtu. Mama, tumekusajilia uwe jina lako, na majirani wamejulishwa. Hongera!"

Kesho yake alikuwa uani akianika nguo. Jirani yake, Bi Mwanasha, alimwona, akafungua kinywa, akakifumba. Halafu akachukua mwiko, akagonga sufuria mara mbili.

Mama akatamani kumtukana. Badala yake alijisikia akiitika:

"Abee."