Doa Jekundu Juu ya Kisima

Dada wa ofisi ya mazingira alimwonyesha Mzee Shomvi picha kwenye simu yake.

"Imepigwa na setilaiti, babu. Hili doa jekundu ni gesi, na inatokea hapa kwako."

Mzee alikitazama kisima cha uani. Walikichimba wakitafuta maji, ikatoka gesi, na mkewe akaugeuza mdomo wa bomba kuwa jiko. Moto wake ulikuwa hauzimwi, na wanawake wa mtaa mzima walikuja na sufuria zao na maneno yao. Sasa bomba lilikuwa likivuma peke yake.

"Picha za zamani hazina doa," dada aliendelea. "Linaanza ghafla baada ya Idi. Kuliharibika nini?"

"Hakikuharibika kitu. Ndipo mke wangu, Bi Mosi, alipofariki. Upepo ukauzima moto, sikuuwasha tena."

Dada alizima simu, akampa pole.

"Kwa hiyo huko juu wameona kwamba hayupo," mzee alisema. "Huku mtaani walishaacha hata kuuliza." Akaligeukia bomba. "Nikiwasha, doa litapotea?"

"Litapotea, babu, gesi ikiungua haionekani. Ila bora uwaachie mafundi, watakuja kuliziba bomba."

Dada alipoondoka, mzee aliingia jikoni akarudi na sufuria kubwa ya mkewe, akaiweka juu ya mafiga kando ya bomba. Akachomoa njiti ya kiberiti. Aliishika hivyo hivyo bila kuiwasha, shingo ameiinua, akitazama mbingu isiyo na hata wingu.