Jina la Nyamvula

Siku hizo kila nyumba ilikuwa na kisanduku cha majina. Kila jina lilipewa namba moja, na asiyekuwa na namba hakufunguliwa mlango wala bomba halikumtolea maji.

Bibi Nyamvula alivaa miwani akaketi mbele ya kisanduku, mjukuu wake mchanga mapajani. Mtoto alikuwa ametimiza siku arobaini, na kwa desturi yao mjukuu wa kwanza wa kike hurithi jina la bibi.

Akaandika: Nyamvula. Kisanduku kikajibu: Jina hili lina mtu.

"Kitendawili!" akamwambia mwanawe Chirau, baba wa mtoto.

"Tega."

"Nimemwita mtu kwa jina langu, akaitika kwa kilio."

"Mjukuu. Lakini mama, kisanduku hakijui vitendawili. Andika Nyamvula Mdogo, yaishe."

"Mdogo! Hata akizeeka? Kama huwezi kumnyonyesha, nyamaza."

Akalitafuta jina lake kwenye orodha, akalifuta. Kisha akaliandika upya na kulifunga kwa namba mpya ya mtoto, asinyang'anywe na mtu mwingine. Taa ikawaka kijani.

"Na wewe sasa ni nani, mama?"

"Bibi yake. Nipishe nikamwogeshe."

Aliweka beseni chini ya bomba, akaomba maji. Bomba likanyamaza. Akamsogeza mtoto, mtoto akalia, maji yakatiririka.

"Umeona?" bibi akacheka.

Ndipo nyumba ikasema kwa upole kupitia kisanduku, ikimwuliza mtoto, "Nyamvula, huyu mgeni wako ataondoka saa ngapi?"