Pini ya Babu

Kazi aliyoituma kwenye kompyuta za ofisini ilikatika mara ya tatu. Mjukuu akashika kichwa. Ikifika saa sita haijakwisha, kibarua chake kitaota nyasi.

"Kuna nini, mama?" Bibi aliuliza.

"Programu yangu inataka maktaba, ule mkusanyiko wa misimbo inaoutegemea, ya toleo jipya. Mashine arobaini zinazoiendesha zina la zamani, na wenzangu bado wanalitegemea."

Bibi akatabasamu. Enzi zile marehemu mumewe aligawa sare za kushona, kila fundi akakata kwa karatasi yake kuukuu ya kipimo, mikono ya nguo ikakataa mabega.

"Babu yako hakugombana nao. Kwenye kila furushi la kitambaa alibana kwa pini karatasi yake mpya ya kipimo."

Mjukuu akafungasha toleo jipya ndani ya programu yenyewe, akabonyeza kuianzisha upya.

"Inakwenda, Bibi. Kumbe Babu alikuwa mwenzangu."

Bibi alikuwa amefungua mkebe wa sindano. Pini ya mwisho aliyoibana mumewe ilikuwa imeota kutu, na bado ilishika karatasi.