Mbuzi Waliokwenda Kanyangi

Mbuzi watatu walikuwa wakienda Kanyangi, na Mutisya aliwaona kabla hawajapakiwa garini.

Aliwaona kwenye kompyuta, nyumbani kwake Matinyani. Yeye ndiye aliyeitunza tovuti ya ushirika wa wafugaji, ambamo watu wa Kitui na Makueni huuziana mifugo. Ndani ya tovuti hiyo mlikuwa na ghala moja la habari, na kila badiliko la soko lilipitia humo: nani amenunua, amenunua nini, na mali yapelekwa wapi. Ghala hilo halichotwi kama mtungi. Fundi hujiandikisha kulisikiliza, akataja kipande anachokitaka, na kila kipande hicho kinapobadilika, ghala humletea lenyewe papo hapo.

Kazi hiyo ilikuwa amana, na Mutisya aliiheshimu miaka yote. Lakini wivu haujui amana. Tangu Kalunde, mkewe, aanze kwenda kwa baba yake mara kwa mara, na kuzungumza kwa simu nyuma ya jiko, na kushonesha gauni jipya bila kutaja sherehe, Mutisya alikuwa amejiandikisha kusikiliza kipande kimoja tu: kila agizo lililotaja nambari ya simu ya Kalunde. Mengine yote aliyafungia nje.

Sasa ghala lilikuwa limesema. Mnunuzi: Jonah, wa Matiliku. Mali: mbuzi watatu. Pa kushushia: Kanyangi, kwa Mzee Muli. Wa kupigiwa simu: Kalunde.

Mzee Muli alikuwa baba mzazi wa Kalunde.

Katika Ukambani, mbuzi watatu wanaopelekwa kwa mzee mwenye binti si kitoweo. Ni ntheo, ndio wamfanyao mwanamke kuwa mke wa mtu. Pasipo hao, hata azae na kuzeekea kwako, mbele ya mila yeye na uzao wake wangali wa baba yake. Na Mutisya, aliyemchukua Kalunde wote wawili wakiwa vijana, hakuwahi kuwapeleka. Mwaka wa ukame alisema, mvua ikinyesha. Mvua iliponyesha alisema, tuvune kwanza. Kisha ikaja karo ya Syombua, binti yao wa pekee, ikawa sababu iliyodumu hadi msichana akamaliza chuo.

Mlango alikuwa ameuacha wazi mwenyewe. Sasa mwingine alikuwa akiingia.

Huyo Jonah alimjua. Walikuwa wamekutana naye sokoni, Mutisya na mkewe, wakinunua ndengu. Kijana alivua kofia, akainamisha macho, akajibu salamu kwa sauti ya chini.

“Huyu ni nani?” Mutisya aliuliza walipoachana naye.

“Mtoto wa watu wa Matiliku. Ana adabu, sivyo?”

“Adabu? Mtu asiyeweza kunitazama usoni ana jambo.”

“Wewe nawe, Baba Syombua! Hiyo kompyuta imekuharibu macho. Kila mtu kwako ni mwizi.”

Kalunde alicheka, na kicheko chake kilikuwa cha msichana. Hicho ndicho kilichomchoma Mutisya kuliko yote. Kicheko kile alikuwa amekisahau, na hakikuwa kimetolewa kwa ajili yake.

Jumamosi asubuhi Kalunde alivaa gauni jipya. Syombua alikuwa ametangulia Kanyangi tangu jana, kumsaidia nyanya yake kupika.

“Naenda kwetu,” Kalunde alisema. “Baba ana wageni.”

“Wageni gani?”

Alifunga kitambaa cha kichwa polepole. “Nilitaka kukuambia, nikakosa pa kuanzia. Ungeumia. Tutaongea nikirudi.”

Akaondoka. Mutisya aliketi mbele ya kompyuta kama mtu aliyekaa kwenye siafu. Angeweza kuliamuru ghala limletee habari zote za agizo lile, lakini hakuona haja. Alichokijua kilimtosha. Ghala lilipotangaza kwamba mbuzi wamevuka Mto Athi, aliita pikipiki na kumwambia mwendeshaji asihurumie mashimo.

Uani kwa Mzee Muli, wazee wa Matiliku walikuwa wameketi kwenye viti vya kanisa vilivyoazimwa. Jonah alikuwa katikati yao, shati jeupe, magoti yamebanwa pamoja. Mbuzi walikuwa wamefungwa kando ya ghala la mahindi. Kalunde alikuwa akitoka jikoni na sinia la vikombe.

Mutisya hakusalimu mtu.

“Fungueni hao mbuzi!” alipaza sauti. “Huyu ni mke wangu! Nimezaa naye, nimezeeka naye. Na wewe Jonah, huoni haya? Mwanamke wa umri wa mama yako!”

Mzee mmoja wa Matiliku alijikohoza ili kufunika kicheko. Kalunde aliliweka sinia chini, akajifunika uso kwa viganja.

“Keti, Mutisya,” Mzee Muli alisema. Hakupandisha sauti. “Kalunde hakuna aliyemtaka.”

Mlango wa nyumba kubwa ulifunguka. Shangazi wawili walitoka wakimshika mikono msichana aliyefunikwa leso, wakamsimamisha mbele ya wageni, wakaifunua. Alikuwa Syombua.

“Aliyeombwa ni huyu,” mzee alisema. “Na kama kimila angekuwa binti yako, mbuzi hawa wangeshukia Matinyani.”