Kwa Kipimo cha Leso

Bi Kaneez alivua leso yake begani, akaitandaza sakafuni, akaanza kulipima jiko.

"Shika ncha hiyo," alimwambia mumewe. "Na usiivute. Nakujua wewe."

Bwana Abdulghafur alichutama akashika. Kutwa kucha dukani kwake huwapimia watu vitambaa, na leo, na ndevu zake za hina, anapimishwa sakafu.

Leso ilikwenda mara mbili na bado pakabaki pa kuweka meza. Uso wa Bi Kaneez ukakunjamana kama aliyeng'ata ndimu.

"Jiko hili kubwa mno," alisema.

Kalama, dalali aliyewafungulia mlango, alicheka kidogo. Tangu aanze kupangisha nyumba hapa Mji wa Kale ameshaambiwa jiko dogo, jiko chafu, jiko lina mende. Kubwa mno ndiyo kwanza kusikia.

"Mama, jiko kubwa ni neema."

"Kwani nimekuuliza?"

Kalama akaegemea mlango. Alidhani anawajua wateja wa aina hii, wanaoiponda nyumba ili kodi ishuke. Akawaacha waiponde. Kizuri chajiuza.

Lakini hasira ya mama huyu ilikuwa ya kweli, wala hakuificha. Tangu aolewe amekaa vyumba vya chini kule Bondeni, ambako dirisha la jikoni latazama ukuta wa jirani, na halijafunguka tangu mbao zake zivimbe kwa mvua. Moshi wa makaa umemla macho na kifua. Kila Ramadhani mumewe humwahidi nyumba nyingine, na kila Idi humkuta palepale akikohoa. Sasa nyumba imepatikana, na neno la kuikubali au kuikataa lilikuwa lake peke yake. Akikosea leo, atajuta mpaka aingie kaburini.

Aliingia msalani akafungua bomba. Maji yalitoka kwa nguvu, yakamlowesha buibui lake.

"Yatoka kila siku?"

"Kila siku, mama. Na tangi liko juu."

"Kila siku!" Alilifunga bomba kama kwamba limemtukana.

Kwenye chumba cha kulala, upepo ulimpokea mlangoni ukaucheza ushungi wake. Alikwenda dirishani. Kwa mbali, nyuma ya mapaa ya mabati, zilionekana kuta za Ngome ya Yesu. Kisha akageuka.

"Nani aliyekutafutia nyumba hii?"

"Nimeitafuta mwenyewe," alijibu mumewe.

"Mwenyewe! Kwa muda gani?"

"Wiki... kama wiki mbili hivi."

Bi Kaneez alimtazama mpaka yule bwana akaugeukia ukuta, akawa anaikagua rangi.

"Wiki mbili," alisema mkewe. "Mashaallah."

Kalama hakuweza kujizuia. "Na roshani pia ipo, mama. Nguo zakauka mara moja."

Bwana Abdulghafur alimkata jicho. "Roshani si kitu, Mama Sadaf," alisema kwa haraka. "Vumbi tupu. Ukiona hii haifai, tuiache. Huyu anazo nyingine, ndogo ndogo. Kuna moja Mbaraki..."

Dalali alishangaa. Mwenye duka zima anaomba ndogo!

"Mbele ya sheikhe ulisema nini?" Bi Kaneez aliuliza. "Mbele ya kaka zangu. Sema, dalali naye asikie."

"Nilisema utaikagua mwenyewe."

"Na?"

"Na kwamba sitalipa wala sitasaini mpaka uridhike."

"Na Ijumaa ni lini?"

"Keshokutwa."

Hapo Kalama akaona mambo yamemkalia sawa. Mume amekosa, amepelekwa kwa wazee, na nyumba ndiyo faini yake. Alifurahi moyoni, maana mtu anayeomba msamaha hapigi bei. Akatoa funguo mfukoni, akazichezesha kidogo zisikike.

Bi Kaneez hakuzitazama. Alilipima tena jiko, safari hii bila msaada wa mtu. Alipima chumba cha kulala. Alitoka roshanini, akapitisha kidole ukingoni, akakiangalia. Hakikuwa na vumbi. Machozi yalimlengalenga, na alipoona dalali amemwona, alimtolea macho hadi yule kijana akatazama viatu vyake.

Kisha akaikunja leso polepole, akairudisha begani.

"Basi," alisema. "Nimeridhika."

Bwana Abdulghafur alishusha pumzi iliyosikika chumba cha pili. Kwa mara ya kwanza tangu wapande ngazi, alitabasamu.

"Alhamdulillahi! Nilijua, Mama Sadaf. Niliwaambia kaka zako, huyu mke wangu ana moyo mpana, wanawake wengine hawamfikii." Akanyoosha mkono kwa Kalama kupokea funguo.

"Dalali," Bi Kaneez alisema, "nipe mimi."

Kalama akampa. Mkono wa Bwana Abdulghafur ukabaki hewani, mtupu.

"Nahamia leo jioni," Bi Kaneez alimwambia mumewe, akizitia funguo ndani ya mkoba wake. "Bibi arusi wako, hiyo Ijumaa, mpeleke kule Bondeni. Na umwambie lile dirisha la jikoni asilivute kwa nguvu, litamwangukia."