Masikio ya Kaisari

Kaisari alipouawa, fundi Zeno aliagizwa aichonge upya sanamu yake ya uwanjani, iwe na sura ya Kaisari mpya. Alikuwa akimalizia kidevu wakati mgeni mmoja, mwenye viatu vya askari, aliposimama chini ya ngazi.

"Pua safi, fundi. Na hayo masikio ni ya nani?"

Zeno alishuka. Alikuwa ameyaacha ya marehemu kwa kuwa jiwe halikutosha, na wafuasi wa marehemu walikuwa wakinyongwa.

Mkewe, Rufina, akadakia, "Kwa hiyo tumkate Kaisari masikio, bwana? Haya, toa amri wewe."

Mgeni aliangaza huku na huku, akapanda ngazi, akainamia lile sikio la marehemu na kulinong'onezea maneno mengi, kama askari anayemuaga bwana wake. Zeno na Rufina hawakuthubutu kutazamana.