Mshipa wa Nassibu

Kahawa ilimtoka Mzee Twalib puani. "Nimekupa binti yangu Tabu, kumbe una mshipa?"

"Wa jicho, mzee," alisema Nassibu, akisukuma juu miwani yake, minene kama kashata.

Ulikuwa mwaka wa ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka ya Musoma yalikuwa yameanza kujaa tena, na madaktari wa macho walikuja kwa juma moja na mashine ya mwanga. Nassibu, fundi cherehani asiyeona hatua tatu mbele, alikuwa ameanza kuuona mstari wa chaki umepinda katikati. Suruali za watu zikafuata. Daktari akamwambia jicho lake limerefuka mno, na huko nyuma imeota mishipa ya damu isiyotakiwa. Isipochomwa upesi kwa mwanga huo, jicho linakwenda.

"Eti jicho!" Bi Kudura, mke wa Mzee Twalib, alicheka mpaka kanga ikamdondoka. "Mwanamume akisema mshipa, hatazamwi usoni!"

Kweli, mji mzima ulijua mshipa wa mwanamume unakaa wapi.

"Nyumba hii haiozeshi wenye mshipa," Mzee Twalib akahukumu. "Posa imevunjika."

Halafu, ajabu, akamsindikiza Nassibu hadi barabarani, hatua moja moja, miguu ameitanua.

"Na huo mwanga," alinong'ona, "unauma?"

"Wanasema hauumi."

"Kisu hakuna?"

"Hakuna, mzee."

"Mh! Watu hawana haya."

Jumatano Nassibu akachomwa. Aliketi nje ya pazia, jicho limefunikwa, moyo mzito: jicho huenda limepona, lakini Tabu ndiyo basi tena.

Dorkas, muuguzi, akamwita anayefuata. Akapita mtu mrefu, amejitanda kanga mbili gubigubi.

"Karibu, bibi. Kaa hapo, weka kidevu hapa juu ya mashine."

"Kidevu?" ilinguruma sauti nzito. "Kidevu cha nini, binti? Mimi nimeshafungua kikoi!"

Dorkas akapiga yowe, akatoka mbio. Nassibu alifunua pazia, akasogea kama alivyozoea, pua kwa pua, ndipo akaona vizuri.

"Shikamoo, baba mkwe."

"Harusi Ijumaa!" alisema Mzee Twalib. "Ijumaa hii hii, mwanangu, funga pazia!"